Mapenzi Kurasa Kumi

Katindo, mtaa wa Goma, ndoa haikosi mashahidi. Mahari yamelipwa, mashangazi wamebishana hadi wakachoka, komine imeandika, na jirani aliyekula pilau bila mwaliko anaweza kukusimulia harusi nzima, hadi suti ya nani ilikuwa ya kuazima.

Kwa Kanada hayo ni porojo. Mume aliyeko Montréal akitaka kumdhamini mkewe apate ukaazi wa kudumu, lazima faili lithibitishe kwamba wanapendana kweli: picha zisizozidi 20, na mazungumzo yasiyozidi kurasa 10. Ukipenda kupita hapo, shauri yako. Basi bibi harusi anapekua WhatsApp usiku, akitafuta ukurasa mmoja wa mahaba matupu. Haupo. Kila "nakupenda" inafuatwa na "umeshatuma?" Na kama hiyo si ndoa halisi, sijui ndoa ni nini.

Walioozeshwa kwa uwakilishi, kaka akisimama mahali pa bwana harusi, wana msiba wao: tangu 2015 Kanada haiwapokei wenzi wa ndoa hizo. Bwana lazima awe amefika mwenyewe. Afikeje Goma, mji ambao uwanja wake wa ndege ulifungwa waasi wa M23 walipouteka Januari 2025? Hilo halina fomu.

Mashemeji wa Katindo, tafadhali: siku ya harusi msizibe kamera kwa kucheza. Katika zile picha 20, angalau moja imwonyeshe bibi harusi.