Jinsi ya Kushinda Uchaguzi kwa Penseli

Wahenga walisema wengi wape. Bahati nzuri hawakusema hao wengi wahesabiwe wakiwa upande gani wa barabara, na hapo, Mheshimiwa, ndipo penye riziki yako. Kuiba kura siku yenyewe ya uchaguzi ni ushamba. Fomu za matokeo hubandikwa mlangoni pa kituo, na kila kijana ana simu ya kuzipiga picha. Mwerevu humaliza kazi miaka mingi kabla, mchana kweupe, akiwa na suti, penseli na ramani. Kazi yenyewe ina jina tukufu la kikatiba: mapitio ya mipaka.

Mwongozo huu umeandaliwa kwa mazingira ya Kenya, nchi yenye maeneobunge 290, wadi 1,450 na viongozi waliobobea katika fani hii kwa miaka sitini. Usiwadharau wazee. Seneti ilipovunjwa mwaka 1966, hakuna aliyetaka kuwaona maseneta 41 wakirudi nyumbani kulima. Vilichorwa viti vipya 41, Bunge likatoka wajumbe 117 hadi 158, na maisha yakaendelea.

Hatua ya 1: Zijue hesabu, kisha uzisahau hadharani

Kifungu cha 89 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, yaani IEBC, ichukue idadi ya watu wote nchini na kuigawanya kwa 290. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097, kwa hiyo kiwango kikawa watu 133,138 kwa kila eneobunge. Usitishike. Kifungu hichohicho kinaruhusu eneobunge kupita kiwango au kupungukiwa kwa asilimia 40 likiwa ni la jiji au la sehemu yenye watu wachache, na kwa asilimia 30 kwingineko. Maana yake, ndani ya jiji moja mbunge mmoja anaweza kuwakilisha watu 80,000 na jirani yake watu 186,000, na wote wawili wakalala usingizi wa haki.

Nafasi hiyo iliwekwa kwa nia njema, ili mto, mlima, barabara, historia na utamaduni wa jamii visikatwe vipande. Nia njema ya waliotunga sheria ndiyo mtaji wako. Ukiulizwa kwa nini mpaka umepinda, jibu lipo tayari: utamaduni.

Hatua ya 2: Rundika, kisha tawanya

Tuseme una mji wa wapiga kura 90,000 unaogawanywa katika maeneobunge matatu, kila moja watu 30,000. Wafuasi wako ni 42,000, wa mpinzani ni 48,000. Mjinga atachora mistari iliyonyooka na huenda akapoteza viti vyote vitatu. Wewe warundike 28,000 wa mpinzani katika eneobunge moja, pamoja na 2,000 wako watakaojitoa mhanga. Mpinzani atashinda pale kwa kishindo, atacheza ngoma hadi alfajiri, na magazeti yataandika kuhusu umaarufu wake. Wale 20,000 wake waliobaki watawanye, 10,000 huku na 10,000 kule, na kila upande wakute 20,000 wako wakiwasubiri. Una viti viwili kati ya vitatu, na wengi wamepewa walichostahili.

Mstari wenyewe usiuonee haya. Upite nyuma ya soko, ukate kona penye stendi ya matatu, uruke reli na kuiacha stesheni ng'ambo, kisha urudi kuchukua nyumba za walimu. Kwingine duniani watu hununua kompyuta na kuajiri wataalamu wa takwimu ili wajue mtaa upi utapiga kura vipi. Hapa kwetu tembea tu barabarani ukisoma majina ya maduka.

Hatua ya 3: Ukishindwa kuchora, lala

Mbinu iliyowafaa wengi zaidi nchini haihitaji hata penseli. Watu huhama, mipaka haihami. Hadi uchaguzi wa 2007 Nairobi ilikuwa na wabunge 8 tu, na sensa iliyofuata ikahesabu humo zaidi ya watu milioni tatu. Embakasi peke yake ilikuwa na wakazi zaidi ya 900,000, huku Lamu Mashariki ikiwa na chini ya 20,000. Kila upande ulikuwa na mbunge mmoja mwenye kura moja. Hakuna aliyevunja sanduku wala aliyekimbia na karatasi. Wapangaji waliendelea kumiminika katika mitaa ya Embakasi kama Pipeline na Kayole, na ramani ikaendelea kulala kabatini.

Usingizi huo hulipa. Mwaka 1992 Rais Moi alipata takriban asilimia 36 ya kura za urais, lakini chama chake cha KANU kilichukua viti 100 kati ya 188. Upinzani uliogawanyika ulimsaidia, hilo halina ubishi. Mipaka iliyovipa viti vingi vijiji vya ngome zake na kuibania miji nayo haikukaa bure.

Waliokuja baadaye wameiendeleza sanaa hii. Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Ramani ya sasa ilikamilishwa Machi 2012, kwa hiyo muda ulikwisha Machi 2024. Siku hiyo ilipofika, tume haikuwa na kamishna hata mmoja. Viti vyao vilikaa vitupu tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, huku wanasiasa wakivutana kuhusu namna ya kuwateua wengine. Na mapitio yasipokamilika angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo. Tukienda uchaguzi wa Agosti 2027 na ramani hii, kuna vijana watakaopiga kura kwa mara ya kwanza katika maeneobunge yaliyopimwa kwa sensa ya mwaka waliozaliwa. Baadhi yao walihesabiwa wakiwa mgongoni mwa mama.

Hatua ya 4: Zaa watu kwenye karatasi

Kama kiwango ni idadi ya watu, basi idadi ya watu ni siasa. Karani wa sensa akija, kila nyumba iwe na mjomba aliyekuja kutembea, mashemeji watano na ng'ombe wenye majina ya Kikristo au ya Kiislamu, kulingana na kaunti. Lakini jizuie. Mwaka 2010, aliyekuwa Waziri wa Mipango, Wycliffe Oparanya, alitangaza kufutwa kwa matokeo ya wilaya 8 za Turkana na Kaskazini Mashariki kwa madai kwamba ongezeko la watu halikuingia akilini. Suala hilo likaishia mahakamani. Sensa ya 2019 nayo ikapelekwa kortini kuhusu Garissa, Wajir na Mandera. Ukweli wa mambo ni kwamba wafugaji huhama, mipakani kuna ndugu pande zote mbili, na kuwahesabu ni kazi ngumu kwelikweli. Ugumu huo ndio unaomfaa kila mtu: anayeongeza husema walikuwa machungani, anayepunguza husema hawakuwapo kabisa.

Hatua ya 5: Jifiche nyuma ya mnyonge

Siku wataalamu watakapokuambia kwamba eneobunge lako ni dogo mno, usilitetee. Itetee Lamu Mashariki. Sensa ya 2019 iliipa watu 22,258, wakati kiwango kipya cha taifa kimefika takriban 164,000. Kaunti nzima ya Lamu, yenye watu 143,920, haijazi hata kiwango cha eneobunge moja. Mwaka 2012 maeneobunge 27 ya aina hii yalinusurika kwa sababu Katiba ilikataza mapitio ya kwanza kufuta eneobunge lolote lililokuwepo. Ngao hiyo ilikuwa ya mara moja.

Sasa eleza kwa uchungu. Mbunge wa huko akitaka kuwaona watu wa Faza na Kizingitini hupanda boti, na akitaka kwenda Kiunga, karibu na mpaka wa Somalia, huangalia kwanza upepo na usalama. Ukiiunganisha na Lamu Magharibi, kura za bara zitaimeza, na mvuvi wa Pate atamwona mbunge wake kwenye televisheni. Hoja hii ni ya kweli, na ndiyo raha yake. Ichukue hoja ya mtu wa Kizingitini, ifute chumvi, kisha uipeleke katika eneobunge lako lenye lami hadi mlangoni pako.

Hatua ya 6: Andaa kikao cha maoni ya wananchi

Sheria inadai ushirikishaji wa umma, nawe mpende umma. Tangazo litoke Ijumaa jioni, kikao kiwe Jumatatu saa mbili asubuhi, makao makuu ya kaunti. Walio mbali wataarifiwa na watoto wao.

Ukumbini ramani iwekwe ukutani, saizi ya kalenda ya duka. Viti vya mbele wakae vijana wako waliokuja na basi, fulana mpya, soda mkononi. Mzee wa kwanza kusimama awe wako, na aseme alivyosema kwenye mazoezi: tangu enzi za babu, sisi na wale wa ng'ambo ya mto hatujawahi kuwa kitu kimoja. Mpigie makofi. Jihadhari na mama aliyeketi nyuma, mwenye daftari la mraba na kalamu mbili. Huyo hatauliza habari za babu. Atauliza kwa nini zahanati yake imeangukia wadi moja na nyumba yake wadi nyingine, na kama mto unagawanya watu, mbona mabinti wa huku wameolewa huko na soko ni moja. Kisha ataomba jibu liandikwe. Mwenyekiti amshukuru sana, amwambie muda umekwenda, na chai imefika.

Usijaribu kuruka hatua hii. Mswada wa mwaka 2020 wa kurekebisha Katiba, ulioitwa BBI, ulikuja na maeneobunge mapya 70, pamoja na jedwali lililokwisha kuyagawa kwa kaunti. Mahakama Kuu ikaupiga chini Mei 2021, Mahakama ya Rufaa ikafuata Agosti, na Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema jedwali hilo lilichomekwa bila wananchi kuulizwa. Viti 70 viliyeyuka kwa sababu ya kukosa kikao, soda na mzee mmoja wa mto.

Hatua ya 7: Wape jina wagombanie

Mstari ukishapita, waachie watu jina. Watakesha wakibishana kama eneobunge liitwe kwa jina la mlima, la ukoo au la shule, na hakuna atakayekumbuka kuuliza mpaka umepita wapi. Ukiogopa ugomvi, tumia dira. Mwaka 2012 Nairobi ilipopanda kutoka viti 8 hadi 17, Embakasi iligawanywa ikawa Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini na Kati. Pande za dunia ziliisha, na mgao nao ukaishia hapo.

Halafu kumbuka unachosherehekea. Kila eneobunge jipya ni kiti, ofisi, wafanyakazi na fungu la hazina ya maendeleo, ile CDF iliyoanza mwaka 2003 na ambayo kwa sehemu kubwa hugawanywa kwa kuhesabu maeneobunge. Maeneo mawili madogo hula kuliko moja kubwa. Hiyo ndiyo maana wanasiasa wanaogombana kuhusu kila kitu hukubaliana haraka kwamba nchi haina wabunge wa kutosha.

Yanayoharibu kazi

Mheshimiwa, mwongozo huu una adui mmoja tu, na si mpinzani wako. Mpinzani ana ramani yake mfukoni na anachotaka ni zamu. Adui ni mwananchi aliyeokota nakala hii barabarani, na ni haki yetu kumkanya.

Wewe uliyeiokota, usithubutu kutafuta idadi ya watu wa wadi yako na ya wadi jirani, ingawa takwimu za sensa huchapishwa na mtu yeyote anaweza kuzisoma. Usiende kwenye kikao ukiwa na hesabu badala ya hasira. Usipeleke maoni yako kwa maandishi na kubaki na nakala yenye mhuri. Usiulize swali lile la kuudhi kuliko yote: kama huyu aliyesimama kudai kiti kipya asingegombea, je, kiti hicho kingehitajika? Na zaidi ya yote, usijue kwamba Katiba inakuruhusu kuipinga mipaka mbele ya Mahakama Kuu. Mwaka 2012 watu walijua, mashauri zaidi ya mia moja yakafunguliwa, na majaji wakarekebisha baadhi ya mipaka iliyokuwa imekwisha kutangazwa.

Mlango huo hufunguliwa siku 30 tangu mipaka ichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mahakama hupewa miezi mitatu kuamua. Ukifika siku ya thelathini na moja utakuta umefungwa, na ramani itakayokuwa ukutani utaishi nayo hadi miaka kumi na miwili. Tukilala tena kama tulivyolala, itazidi.