Wageni Wanadai Furaha

Swali hufika kabla mgeni hajavua viatu mlangoni. "Haya mama, unasikiaje sasa?" Nalo si swali. Ni mtihani wenye jibu moja tu: "Namshukuru Mungu, ni furaha tupu." Ukijibu hivyo unaachiwa mkate, sukari na pakiti ya nepi za saizi ambayo mtoto ataifikia akianza shule. Ukijibu kwamba umechoka, nyuso zinabadilika, kikombe kinarudishwa mezani, na shangazi mmoja anaanza kukutajia wanawake waliofunga na kukesha miaka na miaka wakiomba mtoto na hawajampata. Hapo unaanza kulia, na wao wanaambiana kwamba hayo ni machozi ya furaha.

Mimi naishi Kona Baridi, pale Barabara ya Magadi inapoiacha Kiserian na kujiandaa kuteremka Bonde la Ufa. Wasiokaa hapa wanapapenda mno. Jumapili wanapanda kutoka Nairobi, wanaegesha magari ukingoni, wanapiga picha bonde likiwa nyuma yao, wanasema "Aki huku ni kuzuri," kisha wanateremka Olepolos kula mbuzi. Upepo wanaouvuta dakika tano mimi ninao dirishani usiku kucha. Serikali nayo inaujua vizuri. Mitambo ya kwanza ya umeme wa upepo iliwekwa kwenye vilima vya Ngong mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na upande wa Kipeto sasa inazunguka 60, ya jumla ya megawati 100. Kila mtu amefaidi na upepo huu isipokuwa mwenye kamba ya nepi. Nilipokuwa mjamzito niliambiwa nepi za kitambaa zinafaa ngozi na mfuko. Hakuna aliyetaja kwamba zitahamia kwa majirani. Nimewahi kufuata nepi katikati ya mbuzi wa watu, leso kiunoni, gambuti miguuni, maziwa yakilowesha blauzi, nikilia na kucheka kwa zamu. Kijana aliyekuwa akichunga alinitazama kwa heshima ambayo sijaipata kwa mgeni yeyote aliyeketi kwenye kochi langu.

Machozi yenyewe yalianza siku chache tu baada ya kurudi nyumbani. Nililia kwa sababu uji ulikuwa moto. Nililia kwa sababu ulipoa. Nililia nikisikiliza tangazo la mbolea redioni. Baba Mtoto alikuja mbio na taulo begani, akauliza, "Nimefanya nini?" na kwa kuwa hakuwa amefanya chochote, nikalia kwa sababu hiyo hasa. Baada ya nusu saa mtoto akapiga chafya mbili mfululizo, nikaona sijawahi kuona kitu cha ajabu kama hicho tangu nizaliwe, nikamwita baba yake aje aone. Akaja polepole, akichungulia kwanza.

Aliyenieleza mambo bila kunihubiria ni muuguzi wa kliniki. Alisema kondo la nyuma likishatoka, zile homoni za estrojeni na projesteroni zilizojaa mwilini wakati wa mimba hushuka kwa kishindo katika siku chache. Ndiyo maana akina mama wengi hulia wiki ya kwanza hata kama nyumba ina kila kitu. Kwa kawaida huzuni hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Ikipita hapo, au mama akiona hana tena haja ya kuishi, au akianza kuogopa atamdhuru mtoto, asingoje wala asione haya, aje hospitali mara moja.

Nilifarijika. Kisha nikakasirika. Kumbe jambo hili linajulikana! Kwenye bebi shawa yangu walijaa wanawake waliozaa, wengine mara nne. Walinifunga macho nikamvalisha mwanasesere nepi, wakanilisha keki, wakanichezesha. Katika wote hao hakutokea hata mmoja wa kunivuta pembeni aniambie, "Dada, utakuja kulilia mbolea."

Muuguzi akatoa karatasi yenye maswali 10. Hapa naomba shangazi yangu wa Kitengela asikilize, maana yeye ameshaamua kwamba huzuni ya mzazi ni ugonjwa wa Wazungu ulioletwa na simu. Maswali hayo hujulikana kwa jina la Edinburgh, kule Uskoti, na yalichapishwa mwaka 1987 na daktari John Cox na wenzake. Lakini miaka ya 1970 Cox huyo alikuwa hapa jirani, Uganda, akiwachunguza wanawake wajawazito na waliojifungua, na huko akakuta Waganda wana jina lao la kichaa cha mzazi: amakiro. Walikuwa nalo bila simu. Walikuwa na sababu yake pia. Walisema humpata mwanamke aliyezini wakati wa mimba. Bila shaka. Ingekuwa ajabu kosa lipatikane kwingine.

Swali la kwanza kwenye karatasi lilitaka kujua kama katika siku saba zilizopita nimeweza kucheka. Nikauliza, nicheke na nani? Lingine lilitaka kujua kama huzuni imeninyima usingizi. Nikasema, "Sista, huzuni haijafikiwa zamu. Foleni ya wanaoninyima usingizi ni ndefu." Alicheka yeye. Sijui hiyo alama alimwandikia nani. Alipojumlisha akaniambia niko salama kwa sasa, nirudi na mtoto tuangalie tena siku ya chanjo ya wiki kumi, na nilale mchana mtoto akilala.

Nilale. Mtoto akilala ndipo wageni hubisha.

Wale wa Kitengela walikuja gari zima, wakapitia Isinya wakatokea Kiserian, na njia nzima walikuwa wakituma ujumbe kwamba nisijisumbue kupika. Aliyezaliwa Kenya anajua maana ya ujumbe huo. Wakaketi, wakasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, kisha wakaanza kunieleza uchungu wangu. Mama mkwe, ambaye yuko nasi tangu mtoto aje, alishaleta njahi gunia zima ili maziwa yaongezeke. Namheshimu, anaamka kabla yangu kukoroga uji wa wimbi, na bila yeye ningeshakauka. Lakini kila mtoto akilia, hata kama analilia upepo, mama mkwe husema kwa upole, "Mama, maziwa yanatosha kweli?" na sahani nyingine ya njahi hutokea.

Halafu ikaja picha ya kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Nikaambiwa nimbebe mtoto, nimtazame, nitabasamu. Nikatabasamu. "Si hivyo, tabasamu kama mtu mwenye furaha." Nikajaribu tena. Shangazi akatazama simu, akasema labda mwanga si mzuri.

Katikati ya kikao hicho akaingia Koko, bibi wa Kimaasai wa boma la pili kutoka kwetu. Akatusalimu "Takwenya," nikajibu "Iko," akamwendea mtoto, akamtemea mate kidogo ya baraka kama wazee wa kwao wanavyofanya kwa mtoto mchanga. Shangazi wa Kitengela alikuwa na kichupa cha dawa ya kutakasa mikono, naye nusura akinywe. Koko hakumjali. Alinigeukia mimi, akauliza, "Umekula?" Nikasema nimekula njahi. Akauliza, "Umelala?" Sikuwa na jibu. Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akanielekeza chumbani kwa kidevu, akaketi kwenye kiti changu akawatazama wageni wote mmoja mmoja mpaka wakakumbuka kwamba barabara ya Isinya ina giza. Ndiye mgeni pekee ambaye hakuniuliza nasikiaje. Nililala mpaka jua lilipozama, na nilipoamka nilimpenda kila mtu, hata shangazi.

Sasa msije mkasema mama fulani wa Kona Baridi hana furaha. Ninayo. Ila ina tabia mbaya, haiji ikiitwa. Ilikuja usiku mmoja saa tisa, umeme umepotea, mabati yakipigwa na upepo hadi misumari inalalamika. Mtoto aliachia titi, akashika kidole changu, akashusha pumzi kama mzee aliyemaliza kikombe cha chai ya maziwa. Basi. Hakufanya kingine. Mimi nikajikuta nacheka peke yangu gizani, kifua kimejaa hadi nashindwa kupumua, nikaona lazima mtu mwingine ajue. Nikamtikisa Baba Mtoto. Akaruka, akashika tochi, akasema, "Wamepitia wapi?" Kulipopambazuka nikatafuta ile furaha niwaonyeshe watu, nikakuta imebaki sufuria ya kuosha.

Ningevumilia zaidi kama sheria na madaktari wangekuwa wanasalimiana. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye mshahara na baba wiki mbili. Wiki zake Baba Mtoto alizitumia kuziba tangi la maji na kupokea pongezi. Alipongezwa sana. Wizara ya Afya nayo inataka mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Toa tatu kwa sita, uniambie miezi inayobaki titi litakuwa wapi, maana mimi nitakuwa kwenye boda hadi Kiserian, kisha ndani ya matatu ya 126, nikielekea mjini nimekunja mikono kifuani nikiomba foleni ya Rongai ipungue kabla blauzi haijalowa. Ipo Sheria ya Afya ya 2017 inayomtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea. Nilimpigia mkubwa wangu nikauliza. Akasema kwa fahari chumba kipo. Nikakumbuka kipo kweli. Ndimo tunamoweka mashine za kuchapisha zilizokufa na mti wa Krismasi.

Usiku nikinyonyesha huwaza wanawake wa bonde hili walionitangulia. Ukishuka na barabara hii ya Magadi unafika Olorgesailie, ambako yamelala mashoka ya mawe yaliyochongwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Kati ya wachongaji hao lazima walikuwamo waliokuwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Hata mwanaakiolojia Mary Leakey, alipofika pale na mumewe Louis mwaka 1942, alikuwa na mtoto wao wa kwanza, Jonathan, aliyezaliwa mwaka 1940. Habari zao naambiwa ni mawe waliyookota. Mimi natamani kujua mtoto alishikwa na nani mama alipoinama.

Lililoniudhi kuliko yote lakini ni hili la tabasamu. Wataalamu wanasema mtoto huanza kutabasamu kwa makusudi, akimtazama mtu usoni, akikaribia wiki sita hivi. Nilijiandaa. Nilimwimbia, nilimkunjia uso, nilimtolea ulimi, nilimpigia mluzi hadi mama mkwe akauliza kama nimeitwa kliniki tena. Simu ilikuwa tayari muda wote, imechajiwa, nafasi imefutwa. Mtoto akanitazama kwa utulivu wa karani anayesubiri stakabadhi zikamilike.

Asubuhi moja akaja kijana wa maji na mkokoteni wa punda. Nikatoka na mtoto mkononi, sijachana nywele, simu imebaki ndani. Alikuwa ananieleza kwamba bei ya mtungi imepanda kwa sababu kisima wanachochota kina foleni, na njia ni mbovu, na punda naye anakula. Katikati ya hesabu hizo akamwinamia mtoto, akamwambia, "Sasa, bosi?"

Mtoto akatabasamu. Si upepo wa tumbo, si usingizi. Tabasamu pana, la fizi tupu, lililoanzia machoni likafika masikioni. Kwa mtu wa maji! Yaani mimi niliyechanika, niliyeshonwa, niliyekula njahi za wilaya nzima, nimesimama hapo hapo. Mwenye maji anashikilia ni yeye aliyechekewa. Mimi nimeangalia vizuri macho yalielekea wapi, na nasema ni punda.

Nikaanza kulia, hapo nje, mbele ya majirani, upepo ukinipeperusha leso. Yule kijana akashtuka. Akatazama mitungi, akatazama machozi, akadhani nalilia ile bei mpya. "Mathe, pole, usilie hivyo," akasema, "wewe lipa tu ile ya zamani."

Sikumsahihisha. Nikamwambia aongeze mitungi miwili.