Kupatana Bei ya Mbuta

Twitter ilinunuliwa na Elon Musk tarehe 27 Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, fedha zilizozidi bajeti nzima ya Kenya ya mwaka huo, iliyokuwa takriban shilingi trilioni 3.3. Bei aliikubali mwenyewe tangu Aprili. Ilipofika Julai alitaka kujitoa, akidai akaunti feki zimezidi. Ufukweni Dunga, kule Kisumu, mnunuzi anayepatana bei ya mbuta asubuhi, kisha adhuhuri akarudi kulalamika kwamba samaki ana magamba, huzomewa na akina mama wachuuzi mpaka alipe. Marekani haina Dunga, kwa hiyo kazi hiyo ilipelekwa mahakamani, Delaware.

Akalipa. Takriban nusu ya wafanyakazi wakafutwa kazi, wakiwemo wa ofisi ya Afrika jijini Accra, iliyokuwa imefunguliwa siku chache tu kabla. Rangi ya ukutani huenda ilikuwa haijakauka. Alama ya buluu, iliyokuwa heshima ya watu mashuhuri, ikauzwa dola 8 kwa mwezi, na kuanzia Kondele hadi Milimani kila mwenye chenji akaweza kuwa mheshimiwa. Julai 2023 ndege wa nembo akafukuzwa, jina likawa X. Wakenya wanaojiita KOT, yaani Kenyans on Twitter, waliendelea na kelele zao, wakiwa na T isiyo na mwenyewe.

Mwezi huohuo Starlink, huduma ya kampuni ya tajiri huyohuyo, ilianza kuuza intaneti nchini Kenya. Mvuvi wa Mbita sasa anaweza kumtukana Musk kwenye mtandao wa Musk kupitia setilaiti za Musk, na kumlipa mara mbili.