Kiti Chenye Tundu

Kila mtu Tanga alikuwa na maoni kuhusu goti la mama. Shangazi alisema ni baridi yabisi, imemwingia tangu enzi za kulala juu ya simenti. Kaka alisema ni jongo, maana mama hapitwi na supu ya utumbo. Jirani, ambaye hakuulizwa, alisema mtu kafukia kitu kizingitini. Mama mwenyewe alisema ni uzee, tumwache, akainuka kwenda jikoni kwa kushika ukuta, kisha meza, kisha bega la mjukuu aliyekuwa akijipitia.

Mjomba alileta mafuta ya karafuu kutoka Pemba, akaapa yanapenya mpaka mfupani. Mke wangu akamchua mama vizuri, akanawa mikono juu juu, kisha akampangusa mtoto makamasi. Kilio cha usiku ule hakikuwa cha mama. Kaka naye akaja na diklofenaki za duka la dawa, bila cheti. Mama akapata nafuu ya ghafla, akaenda sokoni kwa miguu, akarudi anajisifu. Halafu tumbo likaanza kuwaka moto, na presha, ambayo tayari anaimezea dawa, ikapanda. Vidonge hivyo ndivyo vilivyo: huondoa maumivu, lakini mtu mzima mwenye presha akivila ovyo, vinaweza kumdhuru tumbo, figo na moyo.

Tukampeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, hakuanza na picha.

"Shikamoo mama. Ukiamka asubuhi, goti linakaza kwa muda gani?"

"Marahaba mwanangu. Mpaka maji ya chai yachemke, hapo limeshalegea."

Jibu hilo likawaangusha mawakili wote. Ingekuwa ile baridi yabisi ambayo kinga ya mwili hugeuka kushambulia viungo, ukakamavu ungedumu saa nzima au zaidi, na vidole vya mikono vingevimba. Jongo kwa kawaida huja kwa kishindo, mara nyingi usiku, kidole gumba cha mguu kikawa chekundu, hata shuka halivumiliki. La mama lilikuwa gegedu lililolika, lile linalokaa katikati ya mifupa ili isisagane, na hakuna mafuta wala kidonge kinachoweza kulirudisha. Kisha daktari akauliza swali ambalo sisi sote, na chupa zetu, hatukuwa tumeliuliza:

"Nyumbani unakaa wapi, mama?"

"Chini. Kwani wenzangu wanakaa wapi?"

Ni kweli. Mbuzi ya kukunia nazi iko chini. Jiko la mkaa liko chini. Beseni la kufulia, mkeka wa kupembulia mchele, vyote chini, na choo ndicho kilicho chini kuliko vyote. Kutwa nzima mama alikuwa akilikunja goti bovu mpaka mwisho, kisha akiinuka na uzito wote juu yake, halafu jioni sisi tunalipaka mafuta.

Ikawa kazi ya kuinua nyumba. Jiko likapandishwa kwenye meza ya matofali. Kufua kukahamia kwenye karo. Swala ya kitini aliikataa mpaka imamu mwenyewe alipomwambia inafaa. Choo alikabidhiwa kaka, kwa kuwa alijitolea. Akachukua kiti cha plastiki, akapasha kisu moto, akakata tundu kwa kukadiria kwa macho.

Kiti kilizinduliwa siku ya posa ya mdogo wangu. Wageni wako sebuleni na sharubati zao, tukasikia mlio, kisha sauti ya mama, tulivu na ya kutisha: "Mwiteni aliyekata." Miguu ya kiti ilikuwa imetawanyika kwenye simenti yenye maji, na mama amebaki ananing'inia kwa mikono ya kiti, hajaumia ila kwa hasira. Wageni wakazikodolea macho bilauri zao kama watu wanaosoma barua.

Kiti cha pili kilichomelewa na fundi: cha chuma, miguu ina raba, na pembeni bomba la kushikia limefungwa ukutani. Hicho kimesimama. Mazoezi ya daktari mama anayafanya wakati wa tamthilia, ananyoosha mguu mpaka unakakamaa, anaushikilia hewani, anaushusha, maana msuli wa paja ukipata nguvu goti hupumzika. Fimbo anaishika mkono wa upande wa goti zima, ingawa shangazi anabisha mpaka leo. Kuhusu uzito, aliambiwa kila kilo inayopungua hulitua goti mzigo wa kama kilo nne kila hatua. Akapunguza chapati, akaongeza maandazi. Mbuzi ya nazi ndiyo amegoma kuachia.

Wiki iliyofuata wakwe walituma mjumbe. Tukatandika, tukaita wazee, tukijua ni majibu ya mahari. Mjumbe akakohoa, akasema hilo bado linazungumzwa. Ametumwa na yule bibi aliyekaa karibu na mlango siku ya posa, anaomba namba ya fundi, si yule wa kwanza.