Kwa Kamishna wa Ardhi: Salamu za Mpangaji Mwenye Nyumba

Gerezani,
Dar es Salaam.

Mheshimiwa Kamishna wa Ardhi,

Baada ya salamu nyingi na taadhima inayokistahiki cheo chako, napenda kukuarifu kwamba sisi wakazi wa Gerezani hatujambo, kwamba mafundi wa bati wangali wakigonga masanduku na majiko tangu alfajiri kama ilivyo ada yao, na wauza vipuri wangali wakiapa kwa Mungu kuwa kila kifaa ni kipya. Kilichonipa kalamu mkononi si shari wala uhasama, bali ni shukrani. Maana kila mwaka wa fedha wa serikali unapoanza, tarehe 1 Julai, kodi ya pango la ardhi hunikumbusha kwamba nyumba niliyoachiwa na wazee wangu ni yangu, ila mahali iliposimama ni pa kupangishwa.

Wapo jirani zangu wepesi wa kulaumu, wasemao kuwa haya ni mambo ya juzi. Nami huwasihi wasikudhulumu, kwa kuwa wewe umerithi tu. Mwaka 1895 Kaisari wa Ujerumani, ambaye hakupata kuikanyaga pwani hii, alitoa amri kwamba ardhi yote isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya taji lake. Mwingereza alipokuja, akaiweka chini ya Gavana kwa sheria ya mwaka 1923. Na tulipokwisha kujitawala, ikaja sheria ya mwaka 1963, ikawageukia wale wachache waliokuwa wakimiliki ardhi milele, ikawapunguzia milele yao hadi mikataba ya upangaji ya miaka 99, kazi ambayo wanazuoni wa dini zote hawajapata kuithubutu. Mwaka 1969 hata mikataba hiyo ikageuzwa kuwa haki ya kuitumia ardhi kwa muda na masharti, na hatimaye Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999 ikahitimisha kwa kauli tamu kuliko zote zilizotangulia: kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ameshikilia dhamana yake kwa niaba ya raia wote.

Sitaki unidhanie kuwa ni mtu wa kutamani ukabaila. Najua kwamba mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza Mwafrika naye apewe ardhi ya kumiliki moja kwa moja na kuiuza apendavyo, Mwalimu Nyerere aliandika waraka wake wa "Mali ya Taifa" kulipinga jambo hilo, akihofu kwamba wachache wenye fedha watainunua nchi, na walio wengi watabaki wapangaji katika nchi yao wenyewe. Hofu ile ilikuwa ya haki, na dawa tuliyopewa imefanya kazi kwa ukamilifu usio na kifani: tumeepushwa na makabaila wengi waliotishia kuja, tukabakiziwa mmoja, na upangaji ambao Mwalimu alihofu utawapata walio wengi umetuenea sote kwa usawa, pasipo ubaguzi wa kabila, dini wala mtaa.

Ila kuna tatizo dogo la fikra ambalo, kwa uhaba wa elimu yangu, nimeshindwa kulitatua. Sisi watu wa pwani tunaijua dhamana tangu zamani kwa njia ya wakfu: mtu huiweka nyumba yake wakfu kwa ajili ya kizazi chake, akateuliwa msimamizi, msimamizi akapokea kodi kwa wapangaji, akakarabati panapovuja, na kinachosalia akawagawia wenye haki, huku akiwatolea hesabu. Katika wakfu huu mkubwa wa taifa, Mheshimiwa, mwenye haki ni mimi, na mpangaji vilevile ni mimi. Ninapochelewa kulipa, sheria inaruhusu miliki yangu ibatilishwe kwa faida ya raia wote, ambao kwa bahati njema nami nimo. Mwaka 2022 wadaiwa walisamehewa riba ya malimbikizo kwa sharti la kulipa deni lenyewe, nasi tulifurahi bila kiasi kuona jinsi tulivyojihurumia.

Usifadhaike kwa kuona tumeshindwa kulielewa hilo, kwa kuwa katika ilimu nyingine zote za upangaji sisi watu wa Kariakoo na Gerezani tumehitimu. Mwenye nyumba ya Kiswahili huingia ubia na tajiri, nyumba ikavunjwa, ghorofa likapanda, na chini yake zikapangwa fremu. Achukuaye fremu hutoa kwanza kilemba, kisha kodi, halafu naye huigawa akampangisha mwenziwe upande mmoja, na mlangoni pao machinga akaweka meza yake na kutoa chochote kwa ajili ya nafasi ya kusimama. Tangu mwaka 2021, kodi ya jengo nayo hukatwa katika umeme wa LUKU, hata mpangaji wa chumba kimoja, anayenunua umeme wa kuwashia taa yake, hujikuta amemlipia mwenye nyumba deni lake kwa serikali. Na ukiufuata mnyororo huo kutoka kwenye meza ya machinga hadi kwa mwenye hati, ukidhani sasa umemfikia mwenye mali, utamkuta ni mpangaji mwingine, mwenye miaka yake 33, au 66, au 99, ameikunja kabatini pamoja na masharti yake.

Nimesoma pia kwamba Waingereza, waliotuachia sehemu kubwa ya ilimu hii, wamechoka nayo wenyewe. Kwani tangu tarehe 30 Juni 2022, sheria ya England na Wales inataka kodi ya ardhi katika mikataba mingi mipya ya upangaji wa nyumba kwa muda mrefu isizidi punje moja ya pilipili manga kwa mwaka. Sikuombi ushuke hadi huko, ingawa pilipili manga tunayo tele sokoni Kariakoo, na ningeweza kukuletea kibaba kimoja kikatosha karne kadhaa. Kodi nakubali kulipa, maana najua barabara, shule na zahanati hazijengwi kwa dua peke yake. Lakini mpangaji yeyote wa mjini hapa anajua kuwa kodi huandamana na wajibu: paa likivuja humwendea mwenye nyumba, choo kikijaa humwendea mwenye nyumba; basi mtaro wa mtaa unapofurika wakati wa masika, tumwendee nani, ikiwa mwenye ardhi yote ni mmoja?

Yawezekana jibu lake limo katika ripoti ya Tume ya Rais kuhusu masuala ya ardhi, iliyoundwa mwaka 1991 na kuongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyoshauri kwamba dhamana ya ardhi iondolewe mikononi mwa serikali kuu. Ushauri ambao serikali, baada ya kuutafakari kwa makini kama msimamizi yeyote anayeshauriwa kuacha usimamizi, haikuona vema kuufuata.

Kwa hiyo siombi hati ya milele, wala sitaki dhamana ibadili mikono leo. Ombi langu ni hili moja: kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Juni, ibandikwe katika ofisi ya Kata ya Gerezani karatasi yenye mistari miwili, wa kwanza useme pango la ardhi lililokusanywa katika kata hii ni kiasi gani, na wa pili useme limefanya nini. Tarehe ya kulipa mmekwisha kutuwekea, na adhabu ya kuchelewa pia; jiwekeeni nanyi tarehe ya kutoa hesabu, kwani sheria iliyomfanya Rais mdhamini haikumfanya mwenye mali, na mdhamini hudaiwa hesabu na wale aliowekewa dhamana.

Wako mtiifu,
Mpangaji Mwenye Nyumba