Namna ya Kuikumbuka Kompyuta Ambayo Hukuwa Nayo

Kabla ya yote, hakikisha umri wako unaruhusu. Ukiwa chini ya miaka arobaini hutaaminika, na ukiwa umepita sitini na tano watu watadhani unazungumzia taipureta. Umri mzuri ni ule ambao magoti yameanza kukushtaki ukipanda ngazi za Leven House, lakini bado unakumbuka kituo cha taifa kikiitwa VoK, kabla hakijageuzwa KBC mwaka 1989. Hayo yakitimia, tafuta baraza. Mji wa Kale wa Mombasa haujapungukiwa: Kibokoni, Mkanyageni, Ndia Kuu, popote penye kivuli na muuza kahawa. Kaa utulie. Ngoja mtu alalamike kwamba watoto wa siku hizi hawainui macho kwenye simu. Hapo ndipo pako.

"Sisi wakati wetu tulikuwa na kompyuta nyumbani."

Usithubutu kusema "nilikuwa nayo". Barazani hakosi mtu anayejua vyema nyumba yenu ilikuwa na nini na haikuwa na nini. Tulikuwa nayo: hapo umemtia yule mtoto mmoja wa mtaani aliyekuwa na mjomba Kuwait, ukajitia na mwenyewe, ukawatia na wale wengine wote waliokuwa wakining'inia kwenye nondo za dirisha la kwao. Uongo haupo. Kuna hisa tu, ambazo hazikugawanywa sawa.

Sasa chagua mashine, maana kumbukumbu isiyo na jina la kampuni hainogi. Ukitaja Sinclair ZX Spectrum, ile ya Uingereza ya 1982 yenye vitufe vya raba na kumbukumbu ya 48K, utaulizwa nani wenu alikuwa London. Ukitaja Commodore 64 ya Marekani, ya mwaka huohuo, itakubidi uzue baharia, na mabaharia wana ndugu, na ndugu hukanusha. Ushauri wangu ni Sakhr. Ilitoka Kuwait, kwa kampuni ya Mohammed Al-Sharekh, ikifuata mtindo wa MSX ambao Wajapani waliutangaza mwaka 1983 ili mashine za kampuni tofauti ziweze kuchezesha gemu zilezile. Sakhr ilikuwa na kibodi ya Kiarabu. Hilo ndilo lililoifaa familia ya Mji wa Kale kuliko sifa nyingine yoyote, kwa sababu kitu chenye herufi za Kiarabu hakiwezi kuwa cha upuuzi. Kampuni hiyohiyo ilitoa programu za Kurani. Mzee akiuliza kilichomo ndani ya boksi, aambiwa masomo, na kweli masomo yalikuwamo. Pamoja na pengwini.

Kuhusu pengwini ujiandae vizuri, kwa sababu huyo ndiye atakayekuthibitishia ushahidi wako. Konami ya Japani ilikuwa na mchezo uitwao Antarctic Adventure: pengwini anatimka juu ya barafu kuizunguka ncha ya kusini ya dunia, saa inamkimbiza, anaruka nyufa, na kila akijisahau sili anatokeza kichwa kwenye tundu na kumkwaza. Eleza haya kwa mikono. Inua bega sili anapotokeza. Kisha tua, unywe kahawa, uongeze kwamba barafu nyingine uliyokuwa ukiijua wewe ni ile ya kuhifadhia samaki. Hapo watacheka na hawatakuuliza maswali tena.

Tahadhari moja ya tarehe. Agosti 1990 Iraki iliivamia Kuwait, kampuni ikahamia Cairo, na wajomba wengi walirudi nyumbani na begi bila mshahara. Mjomba wako asilete Sakhr mpya kutoka Kuwait mwaka 1991. Mhamishie Muskat.

Wapo watakaoona hayo yote ni mzigo mno, nao wana haki. Kwao ipo njia ya mkato, na mimi binafsi naiona ndiyo ya heshima zaidi: kiri kwamba ilikuwa ile ya Kichina. Kwa nje kibodi kamili, kwa ndani nakala ya Famicom ya Nintendo ya mwaka 1983, na juu yake tundu la kuchomekea katriji ya manjano. Lebo ya katriji iliahidi gemu mamia, pengine maelfu. Ukiishuka orodha unakuta ni zilezile chache zikizunguka: Mario kutoka mwanzo, Mario kutoka katikati, Mario aliyebadilishwa jina, vifaru, Contra, bata wa kupigwa bunduki. Ile kibodi ilitumika mara moja tu, siku ya kwanza, kuandikia jina lako mbele ya baba ili aone pesa yake haikupotea. Ukizima, jina nalo limekwenda. Kila niwasikiapo watu wakiionea haya mashine hii na kujisingizia kompyuta ya Amiga, huwahurumia. Hiyo ndiyo iliyofika mitaani kwetu, na hiyo ndiyo iliyochezwa mpaka vitufe vikatoboka.

Hadithi bila ufundi ni porojo, kwa hiyo weka akiba ya mambo matatu manne ya kitaalamu. Anza na plagi. Mashine ilikuja na plagi ya pini mbili za duara, ukuta wetu una matundu matatu ya mraba yenye vifuniko ndani. Dawa yake ilikuwa kifuniko cha kalamu ya Bic: unakisukumiza tundu la juu, vifuniko vya chini vinafunguka, pini mbili zinaingia kwa kulazimishwa, na cheche moja ya buluu inakukaribisha. Ukifika hapa kunja uso na useme, "Watoto msijaribu." Kama mashine ilitoka Jeddah, ongeza habari ya umeme: kule nyumba nyingi zilikuwa na volti 127, huku ni 240, na aliyesahau kununua transfoma ya kushusha alicheza muda wa moshi kutoka.

Kisha TV. Hakuna aliyekuwa na mahali pa kuchomeka isipokuwa pa waya wa antena. Unachomoa antena, unachomeka mashine, unazungusha kinobu polepole ndani ya chenga mpaka kivuli kipite, unarudi nyuma kidogo, unampata Mario. Kama nyumba ilikuwa na Greatwall ya inchi 14, Mario alikuwa wa kijivu na uyoga wa kijivu, na ubishi kuhusu rangi halisi ya kofia yake uliishia kwa ngumi. Usiache kutaja bunduki. Ilikuwa haitoi chochote. Ilikuwa na jicho. Ukivuta kifyatulio, skrini inageuka nyeusi kwa nukta ya muda, pale alipo bata panawaka kiboksi cheupe, na jicho likiona mwanga huo bata amekufa. Mpango mzima unategemea TV ya mgongo mnene inayochora picha papo hapo. TV bapa za leo huchelewa, ndiyo maana mwanao akijaribu hapigi kitu. Mwambie tatizo ni shabaha yake.

Lakini jambo la kumliza mtu ni kaseti. Sakhr yako, kama Spectrum ya wa London, iliweza kusoma gemu kutoka kaseti ya kawaida. Mchezo wote ulikuwa sauti. Unachukua waya, unauchomeka tundu la spika ya masikioni la redio kaseti, unaweka sauti robo tatu, unaandika CLOAD, unabonyeza kucheza, na unangoja dakika kadhaa; waya ukichomoka, redio inalia kwa mlio ambao wazee waliuona dalili ya Kiyama. Sauti ikizidi, haisomi. Ikipungua, haisomi. Kichwa cha redio kikiwa kimepinda kwa unywele, unachukua bisibisi ndogo na kukizungusha kupitia kitundu mpaka mlio uwe mkali. Na haya yote yafanyike kwenye redio pekee ya nyumba, wakati bibi anangoja matangazo ya vifo. Gemu iliyokatizwa dakika ya nne na tangazo la maziko ilianza upya kutoka mwanzo, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Kaseti tupu zilikuwa ghali. Za taarab zilikuwamo ndani. Utakuwa umeshaelewa. Kaseti iliyovunjwa vile viplastiki vya mgongoni haikubali kurekodiwa, lakini kipande cha selotepu juu ya tundu kinaisahaulisha. Ikiwa bado kwenu kuna kaseti ya Juma Bhalo ambayo inaimba vizuri hadi katikati ya upande wa pili, kisha inapiga kelele kama feni mbovu, wewe ni shahidi wa kweli na huhitaji mwongozo huu. Bhalo alifariki mwaka 2014. Mama yako angali anaulizia kaseti.

Kuna wenye pupa ambao kukumbuka hakuwatoshi, wanataka wawe nayo. Kwao nasema: kisiwa hiki hakipendi vitu vya chuma. Hewa ya chumvi inapita kwenye kuta za matumbawe kama iko kwake, na sehemu za shaba zinaota ukungu wa kijani ndani ya kabati lililofungwa. Usipulize katriji. Najua sote tulipuliza, na najua ilikubali. Ilikubali kwa sababu uliichomoa na kuichomeka tena, mate yako yaliongeza kutu tu. Tumia kifutio cha penseli, kisha pamba na spiriti. Fundi wa redio atakubali kuifungua kwa moyo mweupe, na ukirudi utaikuta transfoma yake ikimfanyia kazi kwenye amplifaya ya msikiti.

Wengine hupakua gemu zile kwenye simu. Inawezekana, tena kwa urahisi wa kuudhi: mchezo mzima wa 48K ni mdogo kuliko picha ya sahani ya biriani unayotumiwa na shemeji yako. Utacheza kidogo kisha utaiweka chini, na utadhani umezeeka. Hapana. Umekosa watu. Mchezo ule ulitengenezwa kwa mtu mmoja, nasi tuliucheza kumi na kitu, kila mtu roho tatu na zamu inapita, na muda mwingi wa utoto wako wa kompyuta uliupitisha ukitazama kisogo cha mwenzio na kumwambia aruke. Kwa hiyo ukitaka ladha ya asili, waite wapwa zako. Wasimame nyuma yako. Mmoja akuegemee bega kwa mkono wenye ukwaju wa viazi karai, mwingine aseme "Ushakufa, toka" kabla hujafa, na mdogo wao alie kwamba hajapata zamu tangu alasiri. Utaona umri unashuka.

Limebaki jambo moja la hatari. Siku moja, katikati ya pengwini, atatokea mwenye mashine mwenyewe, yule wa mjomba wa Kuwait, akiwa na upara na mfuko wa mkate. Mpishe akae. Muulize kama anakumbuka. Atakwambia yeye hakuicheza sana, kwa kuwa kila akirudi madrasa anakuta kiti kimekaliwa. Mwagizie kahawa haraka. Kisha atasema bado anayo, iko darini juu ya kabati la marehemu bibi yake, na boksi lake, na kaseti zake, na kama unaitaka kweli atakuuzia.

Uliza bei. Akiitaja, tikisa kichwa kama mtu aliyeiona ni ya haki, na umwambie utapita Ijumaa baada ya sala, inshallah.