Bi Vikao Anajibu: Rejista, Ngao na Mgeni Rasmi

Wiki hii barua zote zimetoka kwenye vikundi. Wenye matatizo ya mawifi wavumilie hadi toleo lijalo.

*Shikamoo Bi Vikao. Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana huku Mbagala. Rejista ina majina sitini na mawili, lakini kikao kikiitishwa tunafika kumi na watano. Akidi haitimii, tunakunywa soda tunarudi makwetu. Nimeandaa orodha ya watu ishirini na tisa wa kufutwa. Mwenyekiti anaogopa kuisaini. Nimshawishije? — Katibu Aliyechoka*

Marahaba, mwanangu. Usimshawishi, maana mwenyekiti wako ana akili. Katika hao ishirini na tisa, umempigia nani simu? Sizungumzii ujumbe kwenye kundi la WhatsApp, ambao mnausoma nyinyi nyinyi mnaohudhuria. Piga simu, mmoja mmoja. Utakuta huyu anauguza mama yake Mbeya, yule kahamishiwa zamu ya usiku, mwingine alisusa siku ile mliposoma deni lake la elfu tano mbele ya wakwe zake. Na sitashangaa ukikuta wawili mliwazika wenyewe, mkala na ubwabwa, kisha mkaendelea kuwahesabu kwenye akidi.

Ukishajua nani yuko wapi, mtaona kwamba wa kufutwa kweli ni wachache: waliofariki, waliosema wenyewe wametoka, na wasiopatikana baada ya kutafutwa kwa simu, kwa barua na kwa jirani. Waliobaki wawekeeni kifungu kwenye katiba, mwanachama aliye mapumzikoni. Hahesabiwi kwenye akidi, hapigi kura, hatozwi faini ya kutohudhuria, na akitaka kurudi anamwambia katibu, basi. (Najua, kubadili katiba nako kunataka akidi. Siku hiyo pikeni pilau na mtangaze mapema.)

Ila kikundi chenu si kwaya, kina mfuko. Kwa hiyo andikeni waziwazi: aliye mapumzikoni akifiwa, anapata nini? Mimi ningempa watu, turubai, sufuria na wachimba kaburi. Pesa ya mfuko nisingempa, kwa sababu ni ya wanaochangia. Nyinyi mnaweza kuamua vingine, lakini amueni leo, mwenye jina asaini, msije mkabishana maiti ikiwa sebuleni.

Na wazee muwatenge na hesabu hii kabisa. Rotary, chama kilichoanzia Chicago mwaka 1905 na ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kikali kwa mahudhurio kuliko mwalimu wa zamu, kina kanuni ninayoipenda. Unajumlisha umri wa mwanachama na miaka ya uanachama wake. Ikifika 85, na uanachama wenyewe ukiwa si chini ya miaka 20, anaweza kuomba asamehewe mahudhurio. Mzee wa miaka 63 aliyekaa nanyi 22 ameshafika. Mpelekeeni habari za kikao nyumbani, na msimpelekee bili ya faini.

*Bi Vikao, sisi ni kikundi cha kusafisha ufukwe, Tanga. Mwaka jana tarehe 5 Desemba tuliwapa wanachama wote vyeti. Walionuna ni wale waliofanya kazi kuliko wengine! Mwaka huu tumefikiria ngao. — Mwenyekiti Mwenye Nia Njema*

Mwenyekiti, Umoja wa Mataifa ulipoitenga siku hiyo mwaka 1985 kwa ajili ya watu wa kujitolea, haukuagiza mtu yeyote achapishiwe cheti. Vyeti vyenu naweza kuvisoma bila kuviona: jina kwa kalamu ya wino, chini yake "kwa kutambua mchango wako". Mchango gani? Aliyeokota chupa kila Jumamosi na aliyekuja mara moja kupiga picha wamesomewa sentensi ileile, halafu unashangaa mmoja kanuna.

Andika alichofanya. "Alitunza ufunguo wa stoo, akafungua saa kumi na mbili kila Jumamosi, na reki zote zipo." Huwezi kumwandikia mtu hivyo kama hukumwangalia akifanya kazi, na yeye anajua hivyo. Maneno ya namna hii tunayo tele, tatizo tunayaweka akiba kwa ajili ya wasifu wa marehemu.

Sasa tuje kwa mgeni rasmi, maana hapo nina hasira zangu. Anakuja saa nne wakati mlimwalika saa mbili. Mnamvisha khanga, mnampa kinyago, mnampa samaki wa kupeleka nyumbani, na kina mama waliopika tangu alfajiri wanapata makofi "kwa pamoja". Mwaka huu mgeni rasmi apewe maji ya kunywa na kazi moja: kusoma majina na sentensi zake bila kuruka hata moja.

Kuhusu ngao, kabla hujaichonga uliza nani amekuwa akijilipia nauli. Rudisha nauli kwanza. Ngao haipandi daladala.

*Mweka hazina wetu yuko Muscat mwaka wa tatu. Simu hapokei, daftari la benki kaondoka nalo, na yeye ni mtia saini. Tumweke mapumzikoni? — Vikoba, Zanzibar*

Hapana! Kikao, muhtasari uliosainiwa, benki, badilisheni watia saini. Kesho asubuhi. Habari zake mtamwuliza baadaye.

*Mimi ndiye niliyekianzisha hiki chama, Kisumu, chini ya mwembe wangu. Baada ya ugomvi wa hesabu nimeondolewa kwenye kundi saa nane za usiku. Jina langu limefutwa hata kwenye historia ya chama. — Mwanzilishi Aliyesahaulika*

Pole, ndugu. Una mwenzako mkubwa. Henry Dunant aliona majeruhi wa Solferino mwaka 1859, akaandika kitabu, na mwaka 1863 yeye na wenzake wanne wakaanzisha kamati Geneva iliyozaa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1867 biashara zake zikafilisika kwa kashfa. Akauacha mji, kamati ikamtoa, akaishi kwa dhiki miaka mingi hadi mwandishi wa gazeti alipomkuta mwaka 1895 katika hospitali ya kijiji cha Heiden. Mwaka 1901 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani, ya kwanza kabisa kutolewa, akigawana na Mfaransa Frédéric Passy.

Usifurahi mapema. Kamati ilikuwa na sababu ya kumtoa kwenye uongozi, na huenda wenzako nao wanayo. Mimi siwezi kuzijua hesabu zenu nikiwa huku. Zitoe zikaguliwe, na kama kuna pengo, lijaze. Lakini wao hawana haki ya kufuta kwamba mwembe ulikuwa wako. Dai hilo tu, kwa barua moja fupi. Ukidai na kiti cha mbele, na neno la mwisho kwenye kila kikao, watakuwa wamekuondoa kwa haki, ingawa saa nane za usiku ni saa ya wezi.

*Nimetoweka kwenye kikundi chetu muda mrefu. Naona haya kurudi. Nianzeje? — Mtoro*

Subiri shughuli ijayo. Fika mapema, shusha viti kwenye gari, usihutubie. Watakaokutania wacheke nao. Faini lipa, na udai risiti.